Wikendi ya Kumuaga Bibi Harusi Dar es Salaam: Mwongozo Kamili kwa Matroni

Mara ya kwanza kuwa matroni, tulikuwa mashoga tisa. Ijumaa asubuhi mmoja wetu alituma ujumbe kwamba mtoto wake ana homa, hatoweza kuja. Tukamwandikia pole, tukaenda zetu Kigamboni, tukacheka siku mbili. Miezi kadhaa baadaye ndipo nikajua mtoto hakuwa na homa. Mwenzetu alikuwa ameshatoa mchango wa kitchen party, ameshashona sare ya send-off, ameshalipia kadi ya harusi, na sisi tukaja na wikendi ya nne juu yake. Aliona haya kusema hana. Mpaka leo nikikumbuka picha tulizokuwa tunamtumia "ujisikie upo nasi", moyo unaniuma.

Tangu hapo nimesimamia wikendi kama hizi mara kadhaa, na kanuni yangu ya kwanza haijabadilika: panga kwa mfuko wa yule asiyesema. Mengine yote kwenye mwongozo huu yanafuata hapo.

Tuelewane pia kuhusu jambo lenyewe. Wikendi hii, ambayo wengi mjini wanaiita bachelorette, si kitchen party. Kitchen party ina mama, shangazi, majirani, somo wa kumfunda mwali, vyombo na mafundisho. Send-off ni ya familia kumuaga binti yao. Hii ni ya mashoga peke yao: siku mbili za kukaa naye kabla hajahamia kwenye maisha mengine. Haina kamati wala meza kuu, na hairuhusiwi kugusa hata shilingi ya michango ya harusi.

Anza na bibi harusi, halafu mama yake

Watu wengi wanataka kumshtukiza. Mshtukize kwa keki, kwa wimbo, kwa rafiki aliyetoka mbali. Usimshtukize kwa tarehe wala kwa orodha ya wageni. Kaa naye mahali penye utulivu, si kwenye grupu la WhatsApp, umuulize mambo haya waziwazi: nani anataka wawepo, nani hataki, anaogopa bahari au haogopi, anakunywa au hanywi, picha ziende mitandaoni au zibaki kwenu, na tarehe zake za mwezi zinaangukia wapi. Hilo la mwisho usilionee aibu. Kupanga siku ya kuogelea bila kuliuliza ni kumpangia mateso.

Kisha swali la wifi. Hapa ndipo matroni wengi wanapoteleza. Kama wifi ni rafiki yake wa siku zote, aje alale nanyi. Kama wamejuana kupitia uchumba huu tu, mwalike mchana wa Jumamosi, ale, acheze, apigwe picha nzuri, arudi nyumbani kwa heshima zake. Usiku mashoga watazungumza mambo ambayo dada wa bwana harusi hahitaji kuyasikia, na bibi harusi hatakuwa huru akijua anasikilizwa.

Ukishamaliza na yeye, nenda au mpigie mama yake. Mwambie mnakwenda wapi, mnalala wapi, mnarudi saa ngapi, na mpe namba yako. Binti anaweza kuwa na miaka 30 na kazi yake benki, lakini kwa mama yake wiki hizi ni mwali. Mama akijua, hata baba akiuliza, jibu lipo.

Idadi inaamua usafiri, usafiri unaamua bei

Watu sita mpaka wanane ndio bora. Saba mnaenea kwenye Noah moja mkibanana kidogo na mizigo. Wanane mnahitaji Noah na bajaji, au gari kubwa zaidi. Mkifika kumi na mbili mnakodi Hiace, mnatafuta nyumba kubwa, na mazungumzo yanagawanyika makundi matatu ambayo bibi harusi anayazungukia kama mgeni rasmi. Anayedai aongeze binamu zake watano, mkumbushe kwa upole kwamba wataitwa kitchen party.

Tarehe

Wiki mbili au tatu kabla ya harusi panatosha. Wiki yenyewe ya harusi anakimbizana na fundi, ukumbi na wageni wa mkoani, usimwongezee. Chagua wikendi inayofuata mishahara, yaani mwisho wa mwezi au mwanzoni kabisa mwa mwezi mpya. Epuka Ramadhani, na kwa wenzetu Wakatoliki kumbuka Kwaresma, ambayo wengi hawapendi kuitumia kwa starehe.

Halafu anga. Masika ya Machi mpaka Mei huharibu mipango ya bahari, na barabara za Dar zikijaa maji hata kutoka Mbezi kwenda Mikocheni ni safari. Juni mpaka Agosti hewa ni nzuri lakini kusi inavuma, boti zinarushwa. Desemba mpaka Februari ni joto kali la kaskazi, bahari ikiwa tulivu zaidi. Mimi napenda Septemba mpaka mapema Oktoba, kabla ya vuli. Na kama mnapanga ufukweni, angalieni kupwa na kujaa kwa maji. Nyakati za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Nimeona mabinti waliopendeza wakishuka ufukweni na kukuta matope na mawe tu, maji yamekwenda zake kule.

Pesa

Usiulize kwenye grupu "jamani tuchange ngapi?" Atakayejibu wa kwanza ni mwenye nacho, na wengine wote watanyamaza wakikubali kwa aibu. Mwandikie kila mmoja peke yake: "Shoga, bila kujibana, unaweza kutoa ngapi mpaka tarehe fulani?" Kusanya majibu, usimwonyeshe mtu ya mwenzake, na kiasi cha chini kabisa ulichopewa ndicho dari ya bajeti. Si wastani. Cha chini. Mwenye uwezo zaidi akitaka kuongeza, anunue keki au alipie boti kimya kimya, bila kutangazwa.

Huu ni mfano wa hesabu. Bei ni za kufanyia mazoezi, ulizia za kwako. Tuseme mko wanane, bibi harusi halipi, kwa hiyo mnalipa saba. Nyumba ya vyumba vitatu kwa siku mbili Sh 360,000. Chakula cha kupika wenyewe Sh 180,000. Boti na kiingilio cha kisiwani Sh 160,000. Gari na dereva Jumamosi nzima Sh 120,000. Singo, yaani dawa ya asili ya kumsugua mwali ngozi, na hina Sh 100,000. Keki na mapambo Sh 60,000. Jumla Sh 980,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, Sh 98,000, mnafika Sh 1,078,000. Gawanya kwa saba: Sh 154,000 kila mmoja. Kama jibu la chini kabisa ulilopata lilikuwa Sh 100,000, basi rudi ukate. Laleni usiku mmoja badala ya miwili, acheni boti, fanyeni singo wenyewe. Usimfuate yule wa laki moja kumwomba "ajitahidi".

Lipeni kwa awamu tatu, ya kwanza miezi miwili kabla. Mweka hazina awe mtu mwingine, si matroni, kwa sababu anayeshika mpango na pesa pamoja hulaumiwa kwa vyote viwili. Mnaweza kufungua akaunti ya kikundi kwenye simu, kama M-Koba, au kumchagua mmoja mnayemwamini. Semeni mapema kwamba kila mtu anatuma na ya kutolea. Makato madogo madogo ya watu saba ni kuku mzima. Kila Jumapili usiku mweka hazina aandike kwenye grupu kilichoingia na kilichotoka, akiambatanisha risiti. Majina ya ambao hawajamaliza asiyaweke hapo. Awafuate faraghani.

Mahali pa kulala

Dar ni kubwa, na kosa la wageni wengi ni kulala upande mmoja na kustarehe upande mwingine. Kila Ijumaa jioni Barabara ya Bagamoyo inasimama, Mwenge inasimama, na mtu wa Tabata anayekwenda Kunduchi anafika amechoka kama aliyetoka Morogoro. Chagueni upande mmoja, mkae hapohapo.

Kigamboni panafaa wanaotaka utulivu na ufukwe mrefu. Mnavuka kwa pantoni ya Magogoni au kwa Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, ambako gari hulipia. Masaki na Oysterbay ni kwa wanaotaka kutoka usiku, migahawa ikiwa karibu, na Coco Beach kwa mihogo ya kukaanga na mishikaki jioni. Bei nazo ni za huko. Mimi huchagua Kunduchi na Mbezi Beach. Nyumba zina nafasi, kisiwa cha Mbudya kiko mbele yenu, na bado mnaweza kufika Mikocheni mkitaka muziki.

Nyumba ya kupanga ikaguliwe na macho ya mmoja wenu kabla ya kulipa hata shilingi. Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka mmoja tulimlipa dalali malipo ya awali kwa kuona picha tu, tukafika Ijumaa saa 2 usiku na mabegi na keki, tukakuta familia nyingine inakula chakula cha usiku sebuleni. Dalali simu haikupatikana. Tulilala kwa dada wa mmoja wetu, Sinza, chini kwenye magodoro. Kwa hiyo anayekwenda kukagua aangalie tangi la maji na afungue bomba kweli, aangalie vyandarua, kama kiyoyozi kinapoza, kama kuna mlinzi usiku, na aulize luku inanunuliwa na nani. Swali la luku linaonekana dogo mpaka umeme ukatike saa 7 usiku na hakuna anayejua namba ya mita. Mkataba uandikwe hata kwa ujumbe: tarehe, kiasi, idadi ya watu, saa ya kuingia na kutoka, na kama muziki unaruhusiwa.

Wanaotoka mbali

Wa Dodoma na Morogoro waje kwa treni ya SGR, iliyoanza safari mwaka 2024. Wakate tiketi mapema, maana za Ijumaa huisha haraka, na wabebe kitambulisho. Wa mikoa mingine kwa basi watashukia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Kutoka hapo mpaka Kunduchi jioni wape saa nzima na zaidi. Wa Zanzibar boti ya kasi inachukua kama saa mbili na kuwashusha katikati ya jiji. Mpange mtu mmoja wa kuwapokea wote, akiwa na orodha ya saa za kufika. Asiwe matroni, matroni siku hiyo anapika.

Ijumaa usiku: khanga, singo, hina

Sare isiwe gauni la kushona. Nendeni Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, mnunue khanga. Doti moja ina vipande viwili, kwa hiyo doti nne zinawavika watu wanane, kila mmoja kipande cha kujifunga. Soma jina la khanga kabla ya kulipa! Khanga inasema, na kuna nyingine zilizoandikwa kwa ajili ya mke mwenza au jirani mbaya. Chagua lenye dua au upendo.

Usiku huu msitoke. Watu wamefika kwa nyakati tofauti, wengine wametoka kazini moja kwa moja. Pikeni pilau na kachumbari, tandikeni mkeka, choma udi, mfanyieni mwali singo. Kila nyumba ina mchanganyiko wake, lakini liwa, karafuu, mrehani, asmini na marashi ya waridi ndiyo yanayojulikana zaidi pwani. Mnamsugua taratibu mikono, miguu na mgongo huku mnaimba na kumtania. Kama yupo mama au dada wa kazi hiyo mtaani kwenu, mlipeni aje. Mkono wake ni mwingine. Nimeona bibi harusi aliyekuwa amejikaza wiki nzima akilia hapo, kwenye mkeka, miguu yake ikiwa mikononi mwa rafiki zake. Hakuna hoteli inayouza hilo.

Kuhusu hina nina ushauri ambao wengi hawapendi kuusikia: mwali asichorwe maua makubwa wikendi hii. Rangi ya hina huanza kufifia, na siku ya harusi itabaki mabakamabaka ambayo mchoraji atashindwa kuyafunika. Pakeni nyie mashoga, yeye achorwe kidogo unyayoni. Na muwe waangalifu na piko nyeusi. Nyingi huchanganywa na dawa ya kupaka nywele rangi, ambayo ina kemikali inayoweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge. Hina ya asili ni ya kahawia au nyekundu, haiwi nyeusi tii ndani ya nusu saa. Anayetaka piko siku ya harusi ajaribishe tone dogo nyuma ya sikio sasa, asubiri siku mbili. Akiwashwa, mmeokoa harusi.

Jumamosi: kisiwani

Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, na kila mgeni hulipa kiingilio cha hifadhi mbali na nauli ya boti. Mbudya mnakwenda kutoka Kunduchi, Bongoyo mnapanda boti Slipway, Msasani. Ondokeni saa 3 asubuhi, kabla upepo haujaanza. Kabla ya kupanda, hesabuni majaketi okozi mbele ya nahodha: watu wanane, majaketi manane, na yavaliwe, hata kama yanaficha nguo nzuri. Likipungua moja, msipande.

Mkifika tu, agizeni samaki. Changu wa kukaanga na chipsi huchukua muda, na wageni ni wengi Jumamosi. Bebeni maji ya kunywa, kofia, mafuta ya jua, khanga za akiba na mfuko wa taka wa kurudi nao. Makombe na matumbawe yaacheni kisiwani, ni hifadhi. Rudini mapema alasiri, saa 9 au 10, bahari ikiwa bado ina adabu.

Nahodha akisema leo hapaendeki, msibishane naye. Hapo ndipo mpango wa pili unahitajika: Kijiji cha Makumbusho kwenye Barabara ya Bagamoyo, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, kisha soko la vinyago Mwenge, kisha mihogo Coco. Nimewahi kuwa na Jumamosi ya namna hiyo, mvua ikinyesha, na bibi harusi hajaacha kuizungumzia.

Jumamosi usiku

Wanaotoka kucheza wawe na dereva wao asiyekunywa, aliyelipwa mpaka saa ya kurudi. Mkitumia Bolt, tuma safari kwa aliyebaki nyumbani, soma namba ya gari kabla ya kufungua mlango. Msalani mnakwenda wawili wawili. Glasi uliyoiacha mezani umeiacha, agiza nyingine. Kila mmoja awe na anwani ya nyumba na namba ya dereva kwenye karatasi, kwa sababu simu huisha chaji. Na namba ya polisi ni 112.

Wasiokunywa wasilipie pombe. Iandikwe kwenye bajeti kama mfuko wa pembeni, wachangiane wanywaji wenyewe. Na kama bibi harusi akisema saa 4 usiku kwamba amechoka anataka kulala, wikendi yake imesema. Mrudisheni, nanyi mrudi.

Picha: mteueni mmoja wa kupiga, wengine waweke simu kikapuni walau wakati wa chakula. Hakuna kinachopandishwa mtandaoni mpaka bibi harusi akione na kukubali. Mahali mlipo msipataje mkiwa bado mpo.

Jumapili

Asubuhi ni supu na chapati, na ni saa ya maneno. Mafundisho ya ndoa ana somo wake, msirudie. Lakini walioolewa kati yenu wamwambie ukweli wa kawaida ambao hausemwi ukumbini: mlivyogawana kodi ya nyumba, ulivyojisikia wiki ya kwanza bila mama yako, siku mlipogombana kuhusu ndugu na jinsi mlivyopatana. Dakika arobaini hivi, kisha kila mmoja amsomee alichomwandikia kwenye karatasi, naye aondoke nazo.

Safisheni nyumba, piga picha kila chumba, rudisheni funguo mkononi mwa mwenyewe. Mweka hazina afunge hesabu siku hiyohiyo na kurudisha chenji kwa kila mmoja sawa kwa sawa, hata ikiwa Sh 3,000. Yule aliyetoa kwa shida ataiona, na safari ijayo hatakuwa na mtoto mwenye homa.

Bibi harusi usimpakie kwenye gari la kukodi peke yake. Mpeleke mwenyewe mpaka mlangoni kabla ya Magharibi, ingia, msalimie mama, umwambie: "Shikamoo mama, tumemrudisha."